Tulianza na Njia ya Ng'ombe

Mimi ni mama mkulima, wa kabila la Bafuliiru, mzaliwa wa uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira, mashariki ya Kongo. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nimeona ng'ombe wa Munyamulenge, mfugaji wa milimani, wakipita kando ya mihogo yangu bila mtu kushika panga, na siku walipoingia shambani, mwenyewe alikuja kulipa.

Wazee wetu wasingelishangaa. Baba yangu alikuwa na ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki yake Munyamulenge, kule milima ya juu. Kila kiangazi wafugaji walishuka kutafuta majani uwandani. Walileta maziwa na siagi, wakarudi milimani na unga wa mihogo, chumvi na ndagala wa ziwani. Mwami, mtawala wetu wa jadi, alipewa itulo, yaani ushuru, kwa ajili ya malisho, na aliyeharibiwa shamba alijua amwendee nani.

Kisha swali moja likatutawala: nani mwenyeji, nani wa kuja? Wabeljiji walikuwa wamekwisha kugawa nchi kwa makabila: Bavira na mwami wao, Bafuliiru na wao, Barundi wa uwandani na wao. Banyamulenge hawakupata eneo. Sheria ya 1981 ikatia uraia wao mashakani. Oktoba 1996 vita ikawaka hapa Uvira, na tangu hapo kila jamii ina wafu wake wa kulia. Sisi tuna Mutarule, 6 Juni 2014: watu wasiopungua 30 waliuawa usiku mmoja, wengi wakiwa kwenye ibada. Banyamulenge wana Gatumba, ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, 13 Agosti 2004: wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Baada ya Mutarule, nikiona tu ng'ombe wanateremka, mikono ilinitetemeka.

Mashirika ya amani ya Kivu Kusini, ADEPAE likiwemo, yalikuwa yakiwakutanisha wakulima na wafugaji katika kamati za pamoja. Kwetu nilichaguliwa kusemea akina mama wenye mashamba. Kikao cha kwanza kilitaka kuvunjika. Huyu anasema Mulenge ni mlima wa Bafuliiru, yule anajibu kwamba babu zake wamezikwa huko. Mzee mmoja akasimama: "Waliotutangulia sisi sote ni Batwa, na hapa hawana hata kiti. Tunashindania nini?" Watu wakanyamaza. Nami nikasema: "Baba zangu, habari ya mababu hatutaimaliza leo. Mihogo yangu inaliwa leo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulitembea pamoja tukaweka alama kwenye njia ya ng'ombe. Mkulima asilime ndani yake, mfugaji asitoke nje yake. Kabla ya kushuka, wachungaji watume habari. Shamba likiharibiwa, mkulima mmoja na mfugaji mmoja walikague siku ileile, na malipo yaende mkononi mwa mwenye shamba. Kabla ya kamati, kesi hizi tulizipeleka kwa wenye bunduki, nao wakala pande zote mbili.

Ng'ombe walipoingia shambani mwangu, mwenyewe alikuja na mke wake. Alilipa sehemu, na iliyobaki akaleta baada ya kuuza ng'ombe sokoni. Tulikula ugali pamoja. Yule mama akanieleza kwamba dada yake alifia Gatumba. Nami nikamweleza ya Mutarule. Hatukupima kilio cha nani ni kizito zaidi.

Vita ya milimani, iliyopamba moto tangu 2017, imepora ng'ombe na kuchoma vijiji vya jamii zote. Vikao vyetu vilikatika, lakini namba za simu tulibaki nazo. Siku moja uvumi ulisema wafugaji wanashuka na silaha, na vijana wakajikusanya barabarani. Nilimpigia yule mama. Kumbe ni wao, wanakimbia na watoto. Niliwaambia vijana, "Ninawafahamu hao, niko nao kwenye simu." Waliwapisha.

Hofu yangu haijaisha, lakini sasa najua pa kuuliza kabla ya kuamini. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inasema kila mtu wa makabila yaliyokuwa katika nchi hii wakati wa uhuru ni Mkongomani wa asili. Sheria ya 15 Julai 2022 imetambua haki za Batwa. Karatasi hizo ni njema, ila hazitembei zenyewe hadi shambani. Ninaomba wakubwa warudishe kamati zetu, wawaondoe wenye silaha kwenye njia za mifugo, na wawape Batwa kiti na ardhi. Sisi wakulima na wafugaji tumekwisha kuonyesha kwamba tunaweza kuelewana. Tupewe nafasi ya kuendelea.