Mke wa Mpangile

Watu huenda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nami nilitoka Mbeya kuliona. Lakini nilipofika, mawazo yalihamia kwa ndugu yake, Mpangile. Wajerumani walimtawaza Desemba 1896. Februari 1897 wakamnyonga, wakidai anamsaidia Mkwawa kwa siri.

Na mke wake je? Naamini alikuwepo. Juzi anaamkiwa kama mke wa mtawala. Kabla mahindi ya msimu ule hayajabeba, ni mjane. Akimbilie kwa nani? Kwa shemeji anayewindwa porini? Tarehe za wanaume wa ukoo ule nilizikariri shuleni. Yeye hata jina simjui.

Wiki iliyotangulia baba mkubwa alitutumia ukoo wetu kwenye kundi la WhatsApp: majina arobaini, yote ya kiume. Mama aliusoma mpaka mwisho, akasema, “Kaandika vizuri,” akaendelea kuchambua maharage.

Kesho yake, ndani ya basi la kurudi Mbeya, niliandika jina la mama, la bibi, la mama yake bibi. La nne sikulijua. Nikampigia mama.

Alinyamaza kidogo.

“Ngoja nimuulize mama mkubwa,” akasema. “Usikate simu.”