Mbwa, bwawa na baridi ya Karatu

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa Karatu kwa binamu yangu. Leo sina siasa. Nataka kuongelea mbwa. Ndiyo, mbwa, msicheke kwanza.

Binamu yangu ni dereva wa watalii, na uani kwake kajenga kibwawa cha kuogelea kwa ajili ya wageni wanaorudi kutoka Ngorongoro wamejaa vumbi jekundu. Ana mbwa anaitwa Simba (jina la ajabu kwa mbwa anayeishi jirani na simba wenyewe, lakini ndilo alilopewa). Asubuhi moja ya Julai, ukungu umetanda, nikasikia kitu kinakwangua huko nje... kwaru, kwaru. Nikatoka na kanga mabegani. Simba yumo majini, pua juu, macho yamemtoka, anakwangua vigae palepale alipotumbukia. Habweki. Hilo ndilo lililonitisha, maana nilidhani mbwa akizidiwa atapiga kelele dunia nzima isikie. Nikapiga magoti, nikamshika mkanda wa shingoni, nikavuta. Alitetemeka muda mrefu ndani ya blanketi langu, ambalo mpaka leo linanuka mbwa.

Nilikuwa naamini kila mbwa anajua kuogelea. Wengi wanajua kweli, lakini kuogelea ni jambo moja na kutoka ni jingine. Ngazi pekee ya bwawa lile ilikuwa ya chuma, imesimama wima. Mimi naipanda, mbwa haiwezi. Na akishataharuki hatafuti njia nyingine, anang'ang'ania pale pale mpaka nguvu zinamwisha. Maji baridi yanazimaliza upesi, na Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Julai yake si mchezo. Wale mbwa wa pua bapa na miguu mifupi ndiyo kabisa, wengine huzama kama jiwe.

Basi fundi akaitwa, akajenga vidato vipana kona moja, vya mawe yenye mikwaruzo yasiteleze. Kisha ikaanza shule. Binamu alitaka kumtupa majini "ajifunze kiume". Nikamwambia ukimtupa yeye, na wewe nakutupa. Tukaenda mdogo mdogo, saa saba mchana, jua kali: kamba mkononi, mkono mwingine chini ya tumbo, dakika chache tu, na kila mara tunamgeuza aelekee kwenye vidato. Akivifikia anapata kipande cha nyama. Siku ya nne tulimwachia upande wa pili akavitafuta mwenyewe. Hata hivyo uzio umewekwa na geti linafungwa. Mtu mmoja alishauri tufunike na turubai. Hapana jamani! Turubai linaloelea ni mtego, mbwa anakanyaga akidhani ni sakafu, halafu linamfunika.

Kesi kubwa ikawa kwa mama mkubwa, aliyetoka Tanga kututembelea. Mbwa na watu maji mamoja? Astaghafirullah! Mimi sikubishana naye, nimelelewa hukohuko. Tukaelewana kwamba wageni wakiwepo Simba haogelei, na akitoka anasuuzwa kwa maji safi, masikio yanakaushwa, maana klorini inamwasha ngozi. Ndoo moja tu, maji ya kisima Karatu yanahesabiwa. Na bakuli lake la kunywa linakaa karibu asinywe ya bwawani.

Ila kuhusu magonjwa mama mkubwa ana hoja. Homa ya mgunda, ile iliyotushtua Lindi mwaka 2022, husambazwa na mkojo wa wanyama kwenye maji, mbwa wakiwemo. Klorini ikiwa ya kutosha inaua vijidudu vyake. Bwawa lililotelekezwa mpaka limekuwa kijani ni habari nyingine. Chanjo ya mbwa ipo. Na kule Karatu chanjo haimhusu mwenye mbwa peke yake: mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa kufugwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mwaka 2001 vikawapata simba wa Kreta. Nilipomsimulia binamu, ambaye anakula kwa kuwaonyesha wazungu simba, alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu kumpigia daktari wa mifugo.

Simba wetu yeye siku hizi anakaa kidato cha pili, maji tumboni, anaota jua. Zaidi ya hapo hataki.