Safari ya Himbi na diploma ya Zaire

Meli ya usiku kutoka Bukavu kwenda Goma inapandwa na watu wa aina mbili: wafanyabiashara wasiotaka kupoteza mchana, na sisi tusiomudu tiketi ya boti ya haraka. Boti huvuka Ziwa Kivu kwa saa chache. Meli hujikokota usiku kucha, kisiwa cha Idjwi kikipita gizani, na wavuvi wa sambaza wakiwa wamewasha taa zao mbali majini. Nilikuwa sijawahi kufika Goma, mimi mzaliwa wa Bukavu, mwalimu wa shule ya msingi, tena nyanya wa mjukuu mmoja. Mwaka ulikuwa 2023. Begi la nguo nililisukuma chini ya benchi. Bahasha ya plastiki yenye diploma yangu ya serikali ya kumaliza sekondari nililala nayo kifuani.

Diploma hiyo ni ya 1996. Kwetu, ukitaja mwaka huo, watu hawaulizi zaidi. Matokeo yalisomwa redioni, dada zangu wakanimwagia poda kichwani kama ilivyo desturi, nami nikazunguka mtaa mzima bila kujipangusa. Asilimia 54 tu, lakini poda ni ileile. Mipango ilikuwa nianze chuo mwaka huohuo. Mwisho wa Oktoba Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa AFDL, Goma ikafuata, na Mei 1997 nchi yenyewe ikabadilishwa jina. Mimi nikabaki na karatasi ya Zaire.

Kwa kuwa nilikuwa nimesomea pedagojia, nikashika chaki. Sijutii. Ila Septemba 2019, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo, nilifurahi kama raia na kuumia kama mwalimu: ile prime, yaani nyongeza ya mshahara, iliyotoka kwa wazazi ilikatika, na watoto wakamiminika hadi wengine wakaketi sakafuni. Hata hivyo si hilo lililonisukuma kwenda kusomea sheria chuoni. Miaka michache kabla ya hapo nilimsindikiza mwalimu mwenzangu kuomba mkopo. Aliambiwa alete kwanza ruhusa ya mumewe. Tukarudi nyumbani, mume akaandika, mambo yakaisha. Baadaye sana nikasikia redioni kwamba ruhusa ile ilikwisha kufutwa. Sheria ya Familia ya 1987 ndiyo iliyomtaka mke aombe idhini ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza wajibu. Sheria ya Julai 2016 ikaiondoa, na mahali pake ikaweka makubaliano ya wote wawili, mume naye akiwemo (hilo la mwisho wanaume wengi hawajalisikia bado). Chumba kizima siku ile, karani, mwenzangu na mimi mwenye diploma, hakuna aliyejua. Nilitafuta kitabu cha sheria hiyo, na toka hapo sikutulia.

Bukavu ina vyuo vya kutosha, wala sikuhitaji kuvuka ziwa. Lakini binti yangu ameolewa Goma, ana mtoto mchanga, na alihitaji mtu. Sababu ya pili niliisema nyumbani kwa sauti ya chini: Bukavu ningefundishwa na asistanti ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Kulipopambazuka tulikuwa tumefika bandarini. Motari, dereva wa pikipiki, aliniuliza, “Mama, tunaenda wapi?” Nikamwambia Himbi, mtaa anaoishi binti yangu. Akapita mzunguko wa Signers, akashika barabara ya kwenda Sake, huku tukipishana na chukudu zilizobeba magunia ya makala, vijana wakizisukuma kwa mguu mmoja. Mji umejengwa juu ya lava ya volkano, na lava yenyewe imetumika kuujenga: kuta za nyua ni mawe meusi, uwanja wa nyumba ni mawe, vumbi ni jeusi. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya Mei 2021 ikasimama pembeni ya mji. Himbi, upande wa ziwa, miti ilikuwa mingi na magari ya mashirika pia, na bei za nyumba zilifuata magari hayo. Binti yangu anapanga vyumba viwili nyuma ya ua wa mtu.

Katika Himbi ndipo ilipo ULPGL, chuo cha Waprotestanti kilichoanzishwa 1985. Pale kwenye uandikishaji nilisalimiwa kwa heshima, kisha nikaulizwa, “Mama, mtoto mwenyewe iko wapi?” Swali hilo nililitarajia tangu Bukavu, kwa hiyo halikuniuma. Nikatoa bahasha. Kijana aliisoma diploma, akaigeuza, akamwita mwenzake, naye akamwita mwingine. Wote watatu walizaliwa baada ya Zaire kufa. Mmoja aliuliza kama mhuri ule bado una nguvu. Mkubwa wao akajibu bila kuinua kichwa kwamba dola imebadili jina, haikufuta mitihani. Nikaona nimeshapata somo langu la kwanza la sheria kabla ya kulipa minervali, yaani ada ya chuo.

Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) nao umekuja wakati wangu. Kabla yake lisansi ya sheria ilichukua miaka 5, yaani 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka 3, krediti 180, na anayetaka huendelea na masta. Watoto wanalalamika kwamba krediti ni nyingi. Mimi nahesabu miaka.

Wiki ya masomo ilipoanza nilikaa safu ya pili, kwa sababu ya macho. Mapumziko yalipofika vijana wakaanza kutafuta mkuu wa promosheni, yaani kiongozi wa darasa, na mmoja akanitaja: mama huyu atatusemea kwa maprofesa. Wengine wakapiga makofi. Nikasimama, nikawaambia nimeongoza madarasa zaidi ya ishirini na nimekuja hapa kuwa wa kuongozwa. Wakamchagua kijana mwembamba wa safu ya nyuma. Tangazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kila mtu alete pesa ya fotokopi ya silabasi kabla ya Ijumaa, bila visingizio. Nikalipa palepale.