Mgeni ni Mmoja Tu

Mwaka jana tulikuwa tukirudi Dar es Salaam kutoka India watu watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Njiani tulitakiwa kubadilisha ndege na kungoja saa sita. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwogesha mama, nimemsafisha kidonda na kumchoma sindano zake za sukari. Nilikuwa nimechoka sana. Kilichonipa nguvu ni kadi ya mume wangu.

Kazi yake ni ya kusafiri. Kwa safari hizo amefikia daraja la dhahabu katika klabu ya wasafiri ya shirika moja la ndege, na kadi hiyo hutambuliwa pia na mashirika mengine yaliyo katika umoja wao. Alikuwa amenisimulia habari za ukumbi wa mapumziko: viti vya kujinyoosha, chakula cha moto, bafu. Nililiota bafu hilo tangu tukiwa hospitali.

Mlangoni, dada wa mapokezi aliitazama kadi, akatutazama, akasema kwa upole, "Mwenye kadi na mgeni mmoja tu."

Nikasema, "Basi niingie mimi na mama, mume wangu atatungoja." Akatikisa kichwa. Kadi haiazimwi. Mwenye jina lazima awepo, na mgeni huingia kwa sababu yake.

Dada zangu, sheria hizi afadhali kuzijua mapema. Umoja mkubwa wa mashirika ya ndege uko wa aina tatu: Star Alliance ulioanza 1997, oneworld wa 1999 na SkyTeam wa 2000. Ethiopian Airlines imo katika wa kwanza, Qatar Airways katika wa pili, Kenya Airways katika wa tatu. Kadi ya umoja mmoja haifungui mlango wa mwingine. Katika Star Alliance, daraja la fedha halikuingizi ukumbini. La dhahabu hukuingiza hata kama tiketi yako ni ya kawaida, mradi siku hiyo unasafiri kwa ndege ya umoja huo. Mgeni naye lazima awe msafiri wa ndege za umoja huo. Na ni mmoja, awe mke au mama.

Mama alisema, "Ingieni ninyi, wanangu. Mimi nimezoea kungoja." Maneno hayo yalinichoma. Mguu wake ulikuwa umevimba, ulihitaji kuinuliwa. Lakini mume wangu hakuwahi hata mara moja kumpima sukari.

Nikamkabidhi mfuko wa dawa. "Nawa mikono. Mtoboe pembeni mwa kidole. Nambari utakayoiona, iandike. Chakula kiwe mezani kwanza, ndipo umchome sindano. Na kila saa atembee kidogo." Mikono yake ilitetemeka. Waliingia, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi na machozi ya hasira. Kisha hasira ilipopungua nikakumbuka. Kila mara mume wangu alipotaka kunisaidia kumhudumia mama, nilimjibu, "Acha, mimi ndiye muuguzi." Nilijisifu kwamba mama hawezi kuishi bila mimi, halafu nikanung'unika kwamba nimeachiwa mzigo peke yangu. Mwana wake nilikuwa nimemfanya mgeni kwa mama yake mwenyewe.

Baada ya saa moja alitoka mbio, ameandika kiganjani: 8.2. "Nimempima! Amekula, na sindano nimemchoma. Hakulia!" Alikuwa akicheka kama mvulana aliyefaulu mtihani. Nilicheka nami, na uchovu ukapungua kuliko bafu lingeweza kuupunguza.

Tangu siku hiyo sindano ya jioni ni yake. Mama husema mkono wa mwanawe ni mwepesi kuliko wangu, nami namwachia sifa hiyo.

Ukisafiri na familia, uliza masharti ya kadi kabla ya kufunga mizigo, na uhesabu vichwa. Lakini hesabu pia kazi za nyumbani kwako: ni ipi uliyoifungia mlango, ukakaa ndani peke yako huku ukilalamika kwamba hakuna anayeingia?