Pima Kiuno, Siyo Kilo Tu

Mwanangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako, na nimefurahi kwamba mgodi umekupa tena cheti cha afya njema. Kilo 68, urefu mita 1.72, daktari kasema uzito ni wa kawaida. Hesabu hiyo ni sahihi. Ila nilikuona ulipovua shati kwa mama yako kule Musonoi ukiosha gari. Mikono myembamba, miguu myembamba, tumbo limetangulia, gumu, halibonyei. Suruali ni namba ileile uliyovaa ulipooa, kwa sababu mkanda sasa unaufunga chini ya tumbo. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungecheka na kubadili mazungumzo.

Tumechinja mbuzi pamoja. Kumbuka wale waliokonda ubavuni: ukiwapasua unakuta figo zimezama katika mafuta meupe, na matumbo yamefunikwa utando wa mafuta. Binadamu naye yuko hivyo. Mafuta unayoyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, na hayo hayanitishi sana. Yanayonitisha ni ya ndani, yanayozunguka ini na matumbo. Hutoa asidi za mafuta zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini linazidiwa, sukari na mafuta ya damu yanapanda, presha inafuata, na mishipa ya moyo inaziba polepole pasipo maumivu. Mizani haiyaoni hayo. Mwaka 2005 watafiti wa INTERHEART, waliopima zaidi ya watu 27,000 katika nchi 52, walionyesha kwamba kiuno kikilinganishwa na nyonga hutabiri shambulio la moyo vizuri zaidi kuliko uzito ukilinganishwa na urefu.

Nilipokuwa muuguzi nimewapokea wanaume wa namna hii usiku, jasho baridi, mkono umekandamiza kifua. Kisha kilioni watu wanaulizana nani kamroga, kwa vile marehemu hakuwa mnene. Inaniuma sana, maana wakati mchawi anatafutwa, ndugu zake wenye tumbo lilelile wanarudi nyumbani bila kupimwa.

Chukua utepe wa cherehani wa mke wako. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Pitisha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, siyo pale mkanda unapokaa. Kiuno chako kisizidi sentimita 86, yaani nusu ya kimo chako. Wapo wataalamu wanaoweka mpaka wa mwanaume kwenye 94, lakini kwa mwembamba kama wewe mimi nashika nusu ya kimo.

Najua kazi yenu. Zamu ya saa kumi na mbili kwenye kiti cha lori shimoni, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Soda ya kufukuza usingizi, sahani kubwa ya bukari usiku wa manane, halafu bia za Simba mbili tatu na wenzako kabla ya kulala. Wazee wa kampuni ya migodi ya Gécamines walikunywa pia, ila wengi walikwenda kazini kwa miguu au baiskeli. Wewe basi linakuchukua karibu na mlango. Tembea nusu saa, mwendo wa kutoa jasho, siku tano kwa wiki. Mafuta ya ndani yanaweza kupungua hata kilo zisiposhuka, basi usiikasirikie mizani. Mazoezi ya tumbo peke yake hayatayatoa. Soda iache kabisa, bia ipunguze, bukari iwe ndogo na sombe na maharagwe yazidi. Sigara sitaki hata kuisikia. Na ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza, wageni watangoja.

Kisha nenda zahanati asubuhi kabla hujala, upimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Usingoje cheti cha mwakani. Mwambie daktari kwamba babu yako wa upande wa mama alikufa kwa moyo kabla hajafika miaka hamsini. Niletee namba zote, pamoja na ya utepe, nizisome mwenyewe.

Msalimie mama watoto.

Baba yako mkubwa