Nyonga Mpya

Kiungo cha mwili ni mtumishi asiyekumbukwa mpaka agome. Mwalimu mmoja mstaafu wa Moshi alilitambua jambo hilo gegedu la nyonga yake ya kulia lilipolika, mfupa ukasuguana na mfupa, na ngazi tatu za baraza yake zikawa mlima. Hapo kabla, kila mwaka, alishiriki mbio za kujifurahisha za kilomita 5, zifanywazo pamoja na mbio ndefu za Kilimanjaro zilizoanzishwa mjini humo mwaka 2003. Hakushinda kitu, wala hakutaka kushinda. Lakini alipenda kuwaacha vijana nyuma, na hiyo, ingawa hakuikiri, ndiyo iliyokuwa zawadi yake.

Alipasuliwa. Kichwa cha mfupa wa paja kiliondolewa, kikatiwa kingine cha chuma, kizunguke katika kikombe cha plastiki. Ufundi huo, kwa namna ufanywavyo leo, una asili yake kwa John Charnley, mpasuaji wa Uingereza. Vikombe vyake vya awali, vya Teflon, vililika upesi, wagonjwa wakateseka upya. Mwaka 1962 akatumia plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, ikadumu. Plastiki za siku hizi ni bora kuliko hiyo, lakini hofu ya kulika haijawatoka matabibu. Wako waruhusuo mbio nyepesi, na wako wakatazao kabisa. Tabibu wake alikuwa wa kundi la pili.

"Tembea utakavyo, mama," alimwambia, "lakini usikimbie."

Majuma ya kwanza yalikuwa ya magongo na makatazo. Asiketi juu ya kigoda, asikunje miguu mkekani, asiiname kuokota kitu, nyonga isije ikachomoka. Mwanamke aliyezoea kuketi karibu na mafiga sasa aliketi juu ya kiti kirefu mlangoni kama mgeni, akiamuru chumvi iongezwe. Hayo aliyastahimili. Lililomshinda ni kutembea mahali alipozoea kukimbia, mbele ya wale wale aliokuwa akiwaacha nyuma. Mwaka wa kwanza alipata udhuru wa wageni. Mwaka wa pili akaishiwa na udhuru.

Watu waliondoka kwa vifijo. Yeye akashika ukingo wa barabara asisukumwe. Watoto wakampita, kina mama waliokuwa wakipiga soga wakampita, mzee mwenye mkongojo naye akampita bila kutazama nyuma. Ndipo kijana mmoja akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Endelea, usijicheleweshe."

"Nimechoka, mwalimu. Niruhusu nitembee nawe."

Hakuwa na hata tone la jasho. Uongo wa namna hiyo mwalimu aliusikia darasani miaka mingi, akataka kuukemea, kisha akaunyamazia. Pengine kimya hicho kilimgharimu kuliko kisu cha mpasuaji.

Karibu na lango la uwanja muziki ulisikika, watu wakazidi, na miguu ikataka kukimbia. Nyonga haikumwuma hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana plastiki haina mishipa ya kumwonya mtu inapolika. Akaushika mkono wa kijana, si kwa udhaifu, bali umzuie. Wakaingia wakitembea, waandalizi wamekwisha kuanza kukunja kamba.

Asubuhi ya pili yake aliipapasa nyonga. Ilikuwa kimya. Kilichouma ni misuli ya mguu wa kushoto, maumivu yale ya kawaida ya mtu aliyetoka mbioni, ambayo hakuwa ameyapata kwa miaka mitatu. Akaagiza maji ya moto, akiimba.