JOTO LISILOONEKANA KATIKA NJIA YA ARUA NA KOBOKO

Msafiri atokaye Kampala kwenda Arua ana safari ya karibu kilomita 500, na akishalivuka daraja la Karuma huiona nchi ikibadilika mbele yake. Mkono wa kushoto ipo mbuga ya wanyama ya Murchison Falls, na si ajabu tembo kuikata barabara bila kumwomba dereva ruhusa. Kisha hufika Pakwach, mji wa daraja, wa samaki na wa jua kali, mahali ambapo mto Naili wapita ukielekea Sudan Kusini. Hapo abiria hununua samaki, watoto huomba maji, na dereva hufungua boneti kuitazama chupa ya maji ya rejeta. Akiona maji yapo, na mshale wa joto katika dashibodi umetulia katikati, husema gari ni zima, akaondoka.

Lakini mshale ule hutoa habari za maji ya injini peke yake. Habari za giaboksi hauzijui. Na kutoka Pakwach hadi Arua barabara yapanda zaidi ya mita 500, ukiwemo mpando mrefu kabla ya kufika Nebbi, nalo gari la jamaa huwa na watu saba, magunia nyuma, na godoro juu ya paa. Ni katika mpando huo ambapo magari mengi ya gia za otomatiki huanza kufa, ingawa kifo chenyewe huja kutangazwa miezi kadhaa baadaye, pengine mjini Arua, pengine njiani Maracha usiku.

Yafaa msomaji aelewe joto hilo latoka wapi. Gari la gia za mkono lina klachi, nayo ikishashika imeshika. Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake mna mapanga mawili mfano wa feni mbili zinazotazamana: moja huzungushwa na injini, nayo huisukuma oili, na oili hiyo huizungusha ya pili. Gari likienda mbio katika lami tambarare, konveta hujifunga na joto hupungua. Likipanda polepole na mzigo mzito, au likihangaika katika mchanga, feni ya kwanza huzunguka sana na ya pili kidogo, na nguvu yote inayopotea kati yao hugeuka joto ndani ya oili.

Oili hiyo hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Mafundi wana kanuni ya zamani: juu ya nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hukata maisha ya oili nusu. Basi kwenye nyuzi 91 imebaki nusu, kwenye 102 robo, kwenye 113 thumuni. Oili za kisasa zavumilia zaidi, ila mwendo wa hesabu ni ule ule. Ikikaribia nyuzi 130 mipira ya kuzuia mvujo huanza kukakamaa, na juu zaidi sahani za ndani huteleza na kuungua. Wakati huo wote mshale wa dashibodi waweza kuwa umekaa katikati.

Jambo hili halina uzito sana kwa magari makubwa meupe ya mashirika yaendayo kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi, kwani mengi yana gia za mkono na karakana zao wenyewe. Linamlemea mtu wa nyumbani. Askari aliyestaafu, au polisi aliyejinyima miaka kumi, hununua gari dogo lililotumika Japani na kupitishwa bandari ya Mombasa. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa; hata hivyo gari la miaka 12 ni gari lililokwisha kula chumvi, na oili yake ya gia huenda haijabadilishwa hata mara moja. Gari hilo ndilo kiinua mgongo chote kimesimama juu ya magurudumu manne. Likifa giaboksi, ada za shule zimekufa pamoja nalo.

Ndiyo sababu dereva mwenye busara, akishafika Arua na kupumzika, hupeleka gari kwa fundi kabla halijaumwa. Arua, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, haina uhaba wa mafundi, nao huzungumza na mteja kwa Kilugbara, Kinubi, Kiswahili au Kilingala, kwa kadiri alikotoka. Kazi anayotakiwa kuifanya fundi ni mbili: kufunga geji ya joto la giaboksi, na kufunga rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta kubwa ya maji.

Watu wengi hutaka rejeta ndogo na kuiacha geji, kwa kuwa geji yaonekana kama pambo. Hayo ni makosa. Rejeta bila geji ni dawa pasipo kumpima mgonjwa. Heri mwenye fedha chache aanze na geji. Pengine ataona kwamba gari lake halivuki nyuzi 90 hata Nebbi, akaokoa fedha za rejeta.

Kitambuzi cha geji huweza kufungwa katika bakuli la oili chini ya giaboksi, au katika paipu iitoayo oili ya moto kuipeleka kupozwa. Kwenye bakuli mshale husoma joto la wastani na huenda polepole. Kwenye paipu huruka upesi gari linapopanda. Pote pawili ni halali, mradi mwenye gari aambiwe amefungiwa wapi, asije akashtuka bure au akatulia bure. Kosa la kawaida ni kuzungusha utepe mweupe wa mabomba juu ya nyuzi za kitambuzi chenye waya mmoja. Kitambuzi hicho hupata hasi ya umeme kupitia chuma, na utepe ukiizuia, geji hudanganya.

Kuhusu rejeta ndogo, oili hutoka kwenye giaboksi, hupita kwanza katika rejeta ya kiwandani, kisha katika rejeta ndogo, ndipo irudi. Mpangilio huo husaidia asubuhi oili ipate joto mapema, na adhuhuri ipozwe mara mbili. Paipu iwe ya oili ya gia, si ya petroli wala ya maji, kwa maana hizo huyeyuka ndani pole pole. Isipite karibu na ekzosi, isisuguane na bodi. Kazi ikiisha, oili huongezwa, kwa sababu rejeta mpya na paipu zake zimekunywa kiasi, kisha hupimwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Tena iwe oili ya aina iliyoandikwa kwa gari lile; si kila oili nyekundu ni ndugu.

Kutoka Arua kwenda Koboko ni karibu kilomita 55, nayo ni sehemu ya barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, iliyowekwa lami katika muongo wa 2010. Hapo dereva mwenye geji hujifunza tabia ya gari lake. Katika lami ya Maracha mshale hushuka. Akiingia njia ya vumbi kumpeleka mama mkwe kijijini, mshale huanza kupanda ingawa mwendo ni mdogo, jambo linalowashangaza wengi. Tiba ni kuondoa gia ya juu kabisa ili giaboksi isibabaike kupanda na kushuka gia. Mshale ukizidi nyuzi 110, asimame kivulini, aweke mkono wa gia kwenye P na breki ya mkono, lakini asizime injini. Ni injini inayozungusha pampu, na pampu ndiyo ipelekayo oili kwenye rejeta. Akizima, joto lote hubaki palepale.

Wala rejeta ndogo si kibali cha kuongeza magunia. Wafanyabiashara wa Koboko, waliokaa karibu na mipaka miwili, wana tabia ya kulijaza gari kila nafasi, na hakuna rejeta iwezayo kushindana na tamaa. Vilevile haiponyi giaboksi iliyokwisha kuungua. Oili ikiwa nyeusi na kunuka kama mkate ulioungua, fedha ziende kwanza kwenye matengenezo.

Baada ya juma moja la matumizi fundi hukaza vibano tena. Nyumbani nako watu wachunguze. Katika boma lililofagiwa vizuri, kama yalivyo maboma mengi ya West Nile, anayefagia alfajiri ndiye wa kwanza kuliona doa jekundu chini ya gari, naye aambiwe mapema kwamba akiliona amwamshe mwenye gari kabla hajaliwasha.